Kidole Gumba cha Laban

Laban Wakhisi alipanga kwa mkono herufi za madini ya risasi miaka ishirini na miwili, katika kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko la Kibuye. Siku hizo ukipita pale ulisikia harufu ya wino na mafuta ya taa, na mimi mpaka leo naikumbuka kuliko manukato yoyote. Kazi kubwa ilikuwa karatasi za ibada za mazishi, na Laban alikuwa na sheria moja: jina la marehemu halikatwi. Liwe refu namna gani, lingekaa mstari mmoja. Watu walikuja kutoka mbali, hata Pap Onditi, kwa sababu hiyo tu. Kipimo chake kilikuwa kidole gumba: alikisogeza juu ya jina hadi ukingoni kuona kama litatosha mstari.

Mwaka 1991 ikaletwa kompyuta, pamoja na Elsie, binti aliyesomea kuiandikia maagizo. Bwana Obiero, mwenye kiwanda, alisema wazi kwamba mashine ikishaijua kazi, risasi itauzwa. Mpangaji wa risasi ataenda wapi, hakusema.

Lakini mashine ilizihesabia herufi zote upana mmoja, M sawa na i, ikakata jina ilipodhani mstari umejaa. Apiyo alipokuja kuchukua karatasi za mazishi ya mamake, alikuta Wilhelmina Awuor juu, Mwango limeangukia mstari wa chini. Hakugombana. Alizikunja polepole.

"Baba Laban," akasema, "mama yangu mmemkata."

Laban aliona aibu. Alasiri ile ile alizipanga upya kwa risasi. Kesho yake Elsie akamfuata.

"Mzee, nisaidie. Hii kitu haijui herufi iko na upana gani. Nimepima moja moja na bado inakosea."

"Nikikusaidia, mimi nitabaki na kazi gani?"

"Hakuna, Mzee," Elsie akasema. Angeweza kumdanganya, na hakufanya hivyo. Laban alitamani sana kunyamaza na kuiacha mashine ijiaibishe, lakini Apiyo hakumtoka akilini. Akavuta kiti.

"Wewe unapima wino peke yake. Kila herufi iko na hewa yake kando. Chapa M kumi zikifuatana, tupime zote, tugawe kwa kumi."

Wakafanya hivyo wiki nzima kwa rula ya chuma, herufi kubwa na ndogo, mkato, nukta, hata nafasi tupu. Elsie aliandika vipimo kwenye daftari, kisha akailisha mashine. Tangu hapo hakuna jina lililokatwa.

Desemba Laban akapewa barua ya kuachishwa kazi, imechapwa na kompyuta. Aliisoma mlangoni kwa hasira. Halafu, kwa mazoea, akaweka kidole gumba kwenye jina lake, Laban Wamukota Wakhisi, akakisogeza hadi ukingoni. Lilikaa mstari mmoja.

"Umepima vizuri," akamwambia Elsie, akaikunja barua na kwenda kuchukua koti lake.