Muhtasari Uliosema Tumekubali

Mama yangu alizaliwa Nakonde, Zambia, upande wa pili wa boda. Ni karibu kiasi kwamba ukiishiwa chumvi unaweza kwenda kuiomba kwa shangazi na ukarudi kabla maharage hayajaungua. Aliolewa upande huu mimi sijazaliwa, akamzika baba hapa hapa Tunduma, na hana kwao kwingine. Karatasi hana. Alipokwenda kuomba kitambulisho aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babake, na babake amezikwa ng'ambo bila kujua cheti ni mnyama gani. Mama alirudi nyumbani anacheka mpaka anajifuta machozi. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo kuna kitu kimenikaa kifuani: kwamba ipo siku mtu atamuuliza swali moja tu, na nitaambiwa nimfungashie vitu vyake.

Msinione mwoga wa kujitakia. Sokoni ninapouzia mchele nilikuwa na jirani, muuza mitumba, mdomo haukai kimya. Kwenye mikutano ya mtaa yeye ndiye aliyekuwa anauliza maji yatatoka lini, choo cha soko kimefungwa na nani. Siku moja akaanza kuulizwa yeye: babu yako alizaliwa wapi, kaburi lake liko wapi, nani analijua. Akaenda kujieleza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa kwenye meza yake kuna dada anauza vitenge. Hakuna aliyetuambia jamaa kaenda wapi, na jamani, niseme ukweli, hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza, na alikuwa ananiwekea mashuka mazuri kabla hajayamwaga mezani.

Kwa hiyo mkutano ulipoitishwa kwenye uwanja wa shule, nilikwenda na nia ya kukaa na kusikiliza. Jambo lilikuwa moja. Soko jipya limejengwa, vibanda vinatakiwa kugawiwa, na inaundwa kamati. Jina lililoletwa la mwenyekiti wa kamati lilikuwa la bwana mmoja ambaye kila mwenye macho anajua alivyogawa vibanda vya mwanzo: shemeji, binamu, shemeji wa binamu. Mtendaji wa mtaa wetu alikuwa mgeni, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka linakata. Akasimama na daftari lake, mwenyekiti wa mtaa ameketi pembeni yake, akauliza, "Ndugu wananchi, mnataka huyu bwana awe mwenyekiti wa kamati?"

Tukajibu uwanja mzima, "Aweee!"

Sasa hapo ndipo ilipo shida. Sokoni kwetu nusu ya wateja wanatoka Zambia, na Mzambia ukimtajia bei asiyoipenda anakwambia kwa Kibemba "awe," maana yake hapana, sitaki, nipishe. Tumelizoea hilo neno mpaka watoto wanalitumia wakikataa uji. Tulipiga kelele huku tunacheka, wengine wanapunga mikono, akina mama wa nyanya wanalivuta kama wanamfukuza kuku. Awe, awe! Hatukukumbuka kabisa kwamba tuko kwenye mkutano wa Kiswahili. Mtendaji akatabasamu, akaandika, akasema asanteni kwa ushirikiano wenu.

Mkutano uliofuata, muhtasari ukasomwa. "Wananchi waliulizwa kama awe mwenyekiti, wakajibu kwa sauti moja: awe."

Kwanza watu walicheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana tulimtazama mwenyekiti wa mtaa. Huyo si mgeni kama mtendaji. Ni mzaliwa wa hapa, Kibemba anakiongea kama mtu aliyekulia dukani, na kweli alikulia dukani. Alikuwa ameketi mbele, mikono juu ya magoti, uso mkavu. Alijua tulichosema. Alikijua siku ile ile na akaacha kiandikwe. Nilikuwa nadhani mambo ya kuchezea sauti za watu ni ya huko juu, kwa wakubwa, yanayosikika redioni. Kumbe yanaweza kufanyika mbele yangu, mchana, kwa neno langu mwenyewe.

"Kuna marekebisho?" mtendaji akauliza.

Nilimtazama muuza nyanya, akainamia kucha zake. Nikamtazama fundi baiskeli, naye alikuwa ameona kitu cha maana sana angani. Wote tulikuwa tunafikiria jambo moja. Kusahihisha muhtasari ilibidi mtu asimame aeleze Kibemba, na akishaeleza, ataulizwa Kibemba kakitoa wapi.

Sijui nilisimamaje. Nadhani ni hasira, maana mimi hasira zangu huwa zinatangulia akili. Nikasema, "Mtendaji, samahani. Sisi tulikataa. Awe ni hapana."

"Ni hapana kwa lugha gani, dada?"

"Ya sokoni," nikasema. "Ya wateja wetu wa Zambia."

Mwenyekiti wa mtaa akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Akasema kwa upole sana kwamba hapa ni Tanzania, mikutano inaendeshwa kwa Kiswahili, na yeye asingependa kuamini kwamba mambo yetu yanaamuliwa na watu wa nje. Lakini kwa kuwa demokrasia ni haki ya kila raia, kila raia anayekataa aje mezani aandike kwenye daftari: jina, nyumba anayoishi, na mahali alipozaliwa.

Yesu wangu. Mahali alipozaliwa! Alilitamka polepole, kila mtu alisikie. Niliona watu wanajikunyata. Mimi mwenyewe nilishatamani kukaa chini na kusema nilikosea, samahanini, nilisikia vibaya.

Mama alikuwa nyuma yangu. Nilikuwa nimemwambia abaki nyumbani, naye amekuja na kigoda chake. Nikasikia kigoda kinasogea, nikageuka, nikamwona anapita katikati ya watu kuelekea mezani, wa kwanza kabisa, kanga imefungwa kiunoni kama anakwenda shamba. Nikamkimbilia. "Mama, rudi. Mama, nakuomba." Hakunitazama. Kuandika hajui, kwa hiyo akamwonyesha mtendaji kidole kwangu, yaani huyu ataniandikia. Nikapewa kalamu.

Jina nikaandika. Nyumba nikaandika. Kisha mama akaniinamia akaniambia kwa Kinamwanga, lugha ya kwao, kwa sauti ya kawaida ya mtu asiyeficha kitu, "Andika Nakonde. Waandikie kweli, mwanangu, maana na wewe umesema kweli."

Mtendaji hakuelewa. Mwenyekiti wa mtaa alielewa, alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwetu.

Nikaandika Tunduma.

"Umeandika?" mama akaniuliza.

"Nimeandika."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye kigoda chake. Nilipoinua macho, mwenyekiti wa mtaa alikuwa anasoma daftari kichwa chini miguu juu, kutoka upande wake. Akanitazama, akanisogezea daftari kidogo, adabu tupu, ili niandike na langu.

Baada ya mama watu walikuja. Muuza nyanya alikuja, fundi baiskeli alikuja, ukurasa ukajaa, mtendaji akafungua wa pili. Ikabidi jambo liahirishwe. Watu walirudi nyumbani wanaimba, wanatutania njia nzima kwamba mtaa umepata mbunge wake, na mbunge huyo anatembea na kigoda. Nilicheka nao. Usiku nilikaa macho mpaka asubuhi, nasikiliza kama kuna anayebisha hodi.

Mama tangu hapo ni mtu mwingine. Anawaambia majirani kwamba ameandikwa kwenye kitabu cha serikali, kwamba miaka yote hiyo alikuwa anaogopa bure, kumbe ni kusema tu ulikozaliwa na dunia haipasuki. Anasema hivyo dukani, kisimani, kanisani baada ya ibada. Mimi namwambia, "Mama, basi, yatosha," ananiambia nimezeeka kabla yake.

Na mwenyekiti wa mtaa amekuwa mteja wangu. Hakuwahi kununua mchele kwangu kabla. Sasa anapita kila wiki, anachukua kilo zake mbili, ananisalimia vizuri. "Bibi hajambo? Yupo tu hapa Tunduma?" Namjibu yupo, mwenyekiti, hajambo. Nampimia na kumwongezea kidogo juu, na simwambii mtu yeyote kwa nini.

Juzi mkutano uliitishwa tena. Muhtasari ukasomwa. Ulisema kwamba baada ya majadiliano marefu wananchi waliridhia yule bwana ashike kamati ya vibanda kwa muda, mpaka hapo itakapopangwa vinginevyo. Hakukuwa na majadiliano. Hakuna aliyeridhia. Uwanja mzima ukageuza shingo kunitazama mimi, wanangoja, wengine wameshaanza kutabasamu.

"Kuna marekebisho?" mtendaji akauliza.

Mwenyekiti wa mtaa naye alikuwa ananitazama, lile daftari nililoandika Tunduma likiwa mapajani mwake, limefungwa. Nikaangalia viatu vyangu. Nikahesabu vitundu vya kamba, nikavirudia. Nikasikia kidole cha mama kinanigusa bega kutoka nyuma.

"Mwanangu," akasema, "mbona huinuki?"