Kibanda cha Lalantha

Kaka yangu Lalantha alikuwa fundi baiskeli pale kijijini kwetu Galwewa, mtu wa utani, kunyamaza hajui. Rafiki yake Sirimal alikuwa akimwambia, "Wewe hata ukifa, mdomo utabaki unaongea." Basi ni huyohuyo Sirimal aliyemshawishi waende jeshini pamoja. Walikubaliana wakutane stesheni alfajiri. Lalantha alifika. Sirimal akashikwa na homa asubuhi hiyo, homa iliyopona treni ilipoondoka.

Miezi minane baadaye kaka alirudi kutoka vita vya kaskazini ndani ya sanduku lililopigwa misumari. Askari waliolileta walisema lisifunguliwe. Mama aling'ang'ania kifuniko, akaomba aoneshwe hata mkono tu. Baba akawatii askari, akamvuta. Tukazika mtu tusiyemwona, bendera nyeupe za msiba zimejaa barabara nzima.

Ndiyo maana baba, aliyekuwa mwashi, akajenga kibanda cha kusubiria basi pale njia panda, kama wafanyavyo wengi kwetu waliopoteza vijana. Jina la Lalantha alilifinyanga kwa saruji, herufi nene zilizotokeza ukutani. Baba akafariki, macho ya mama yakaingia ukungu. Lakini kila mwezi, tarehe ileile ya sanduku, mama alikwenda na taa yake ya mafuta ya nazi, akapapasa zile herufi.

"Kaburini sijui kalala nani," aliniambia. "Hapa namjua."

Mwaka jana Sirimal alikuwa anagombea udiwani. Akaja nyumbani, meno yote nje.

"Mama, kibanda cha ndugu yangu kimechakaa. Niachie mimi nikitengeneze."

Mama akampikia wali wa nazi, akamwekea mkono kichwani, akambariki. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikamwongezea sahani.

Kibanda kilipokamilika nilitangulia kwenda kutazama. Ukuta umepigwa lipu upya, rangi ya bluu, na picha ya Sirimal inacheka juu ya jina lake mwenyewe, pale lilipokuwa la kaka. Nikamfuata kwake.

"Kusum, punguza makelele," akasema. "Uchaguzi ukipita, jina la marehemu litarudi."

Alishinda. Jina halikurudi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu tulimlisha kwa mikono yetu.

Nikaanza kumdanganya mama asiende kibandani. Rangi haijakauka. Mvua inakuja. Goti lako, mama. Miezi mitatu hivyo, hadi siku moja akachukua taa mwenyewe akatoka, nami nikamfuata.

Akawasha, akapapasa ukuta. "Mbona laini? Nisomee."

"Lalantha," nikasema.

Akapapasa tena polepole, kona hadi kona.

"Baba yako alinivuta kutoka kwenye sanduku," akasema. "Na wewe pia, Kusum?"

Sikuwa na pa kuficha uso. Nikamsomea kilichoandikwa: Zawadi ya Sirimal kwa wananchi.

Mama akazima taa kwa vidole, akatoka nje. Tangu siku hiyo, watu wakimwita aingie kivulini haingii. Anasubiri basi juani, na mimi nasimama kando yake.