Nguzo za Mtaa wa Maduka

Nilirudi Bariadi na diploma ya mipango miji, niliyoisomea Dar es Salaam kwa pamba niliyoilima kwa mikono yangu, bila mjomba ofisini wala barua ya mkubwa. Mtaa ule wa maduka ya zamani ni kazi yangu, na mpaka leo sijaona wilayani aliyechora mtaa kunizidi.

Biashara huria ilikuwa imeingia. Wanunuzi binafsi walishindana kuwahi pamba, na malori yao yalipita katikati ya maduka kama vile hakuna watu. Moja lilimvunja mguu shangazi aliyenilea, muuza maandazi. Akawa wa kutembelea fimbo. Kila akifika ukingoni mwa mtaa alitetemeka, akageuza na beseni lake. Nikaapa kwamba atavuka.

Nikaibana halmashauri mpaka ikakubali mtaa uwe wa waendao kwa miguu. Kila mwisho nilisimamisha safu mbili za nguzo za zege, pana mwanzoni, zikibana kuelekea ndani. Mtu angepita, lori lingebaki nje.

Siku ya ufunguzi nilivaa suti. Mgeni rasmi alichelewa, nikamwambia shangazi atangulie. Alikuwa ameshafika kati nilipohisi ardhi inatikisika. Ng'ombe wa mnadani walikuwa wanaingia kwenye nguzo zangu, mmoja nyuma ya mwingine, wametulia kama wako misani. Ndipo nilipong'amua. Kwa mfugaji wa Kisukuma, safu zinazobana namna ile ni njia ya josho, wanakoogeshwa ng'ombe kwa dawa ya kupe.

Mchungaji mmoja aliitazama suti yangu, akanyenyekea na kunisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bwana mifugo. Dawa iko wapi?"

"Mimi nina diploma," nikajibu.

Kisha nikamkumbuka shangazi. Nilikimbia nikijua naenda kuokota maiti. Nikamkuta amesimama katikati, mifugo ikimpita kulia na kushoto, naye anaigonga kwa fimbo pembe ya dume lililonusa beseni.

"Shangazi, toka huko!"

"Nitoke niende wapi, baba? Lori halikuisikia fimbo yangu. Hawa wanaisikia."

Akavuka. Akaketi barazani upande wa pili, akawauzia wachungaji maandazi yote. Mgeni rasmi alipofika alikanyaga mavi, akakata utepe, akausifu mchoro wangu, kama ilivyostahili. Mimi nilikuwa bado natetemeka, nimeikumbatia nguzo.