Makala yangu ya kusafisha maji imepika maharagi

Bandugu, leo nimekula maharagi matamu, na sasa naogopa hata kumeza mate.

Miezi mbili niko nachoma maganda ya ngazi, zile mbegu za mawese, hapa mu kambi ya Mantapala. Natengeneza makala, ni kusema makaa, ya kusafisha maji machafu ya atelier moja ya kuyeyusha betri za zamani. Maji yao inatelemuka mupaka mu ziwa. Makala inakamata plomb, ile sumu ya betri, inabaki nayo ndani.

Jana maji imetoka safi. Nikafurahi kama mujinga, nikaambia kila mutu.

Ile makala ya kutumika nikaianika ku mulango ikauke, njo niende kuizika mbali.

(Kosa ni yangu. Nani kwetu anaona makala ku jua na anaiacha?)

Leo saa sita, Mama Zawadi, jirani yangu, ameniletea sahani ya maharagi. Nilikuwa nalamba vidole wakati alisema:

"Prof, makala yako inawaka muzuri! Hata moshi hakuna."

"Makala gani, mama?"

"Ile ulitupa ku mulango. Nimegawia bamama ba ku robine ya maji, kila mutu kidogo."

Nimekimbia nyumba kwa nyumba. Kila mbabula ya kupikia, majivu tu. Bote bananishukuru. Nikisema "sumu," banacheka: sumu gani, na maji ilitoka safi?

Mama mumoja amenishika mukono, na heshima yote:

"Prof, ingine utaitupa lini?"

Bandugu, mungemujibu nini?