Nilivyoikwamua Meli Nikiwa Godoroni

Ile meli kubwa ilipokwama kwenye mfereji wa Suez, mimi nilikuwa nimeketi kwenye godoro sebuleni kwangu, Guildford hapa Sydney, na aliyeniketisha hapo ni wifi yangu. Mume wangu alikuwa amefariki kabla ya Krismasi. Kwa watu wetu, sisi tuliotoka upande wa Uvira, mjane huketi chini. Unanyolewa nywele, unavaa nyeusi, huendi kazini, huendi kwenye furaha ya mtu yeyote, mpaka ukoo wa mume ukuogeshe na kukuvisha kitenge kipya. Wakishakuvisha, kilio kimetoka, na wewe ni mtu tena.

Mwenye amri ya kunitoa alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, na yeye yuko Brussels. Mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ule ugonjwa, kwa hiyo hakuweza kuja. Alituma vitenge, sanduku zima, sare ya ukoo wote, kwa njia ya bahari. Wifi yangu alihama kwake Liverpool, mtaa mwingine wa hapa Sydney, akaja kwangu kunisindikiza katika msiba, akachukua chumba changu na kitanda changu, akasema maji hayatanigusa kichwani mpaka vitenge vya kaka yake vifike.

Watu huniuliza, hapo Australia, nchi ya sheria, ulishindwaje kumfukuza? Wanaouliza hivyo ni watu wenye ndugu. Mimi nimekulia kambini Kigoma bila baba wala mama, na siku nikifa hapa Sydney watakaobeba jeneza ni hao hao watu wa mume wangu na kanisa lao. Basi niliketi. Niliketi kiangazi kizima, bati linawaka juu na kitambaa cheusi kinaniwasha shingo, na bosi wa ghala nilikofanya kazi akaacha hata kunitumia ujumbe.

Lililoniuma lilikuwa moja tu. Binti yangu, alikuwa na miaka kumi na miwili, angebatizwa Pasaka. Kanisani kwetu mtoto anazamishwa kwenye birika, na akitoka, mama yake ndiye anayempokea pale ukingoni na kumfunika kwa kitenge cheupe. Mama mwenye nyeusi haruhusiwi kumgusa mtoto aliyetoka majini. Nilitaka kuwa pale ukingoni. Nilimwambia Mungu, mengine yote chukua, hili niachie.

Halafu ikaja meli. Ile kubwa yenyewe haikubeba sanduku letu, ilikuwa inakwenda Ulaya. Sanduku letu lilikuwa kwenye meli nyingine iliyokuwa inatoka Ulaya kuja huku, nayo ikakuta njia imezibwa, ikatia nanga kwenye foleni pamoja na wenzake. Wifi yangu aligundua hivyo kwa kumpigia simu kaka yake na kumlilia mpaka akampigia wakala. Tangu hapo televisheni haikuzimwa. Godoro langu lilikuwa mbele yake, kwa hiyo mimi niliitazama ile meli kuliko nahodha. Imekingama mferejini kama mfupa kooni, pua imezama kwenye mchanga wa upande huu, tako limekwama upande ule. Tagi, zile boti za kukokota meli, zinaivuta, zinaisukuma, haijali.

Sasa, palikuwa na kijitinga kimoja cha kuchimba, cha njano. Kimesimama chini ya pua ya ile meli, kinachota mchanga kidogo, kinamwaga pembeni, kinarudi kuchota tena. Meli juu yake kama ghorofa. Nilikitazama kijitinga kile kinavyohangaika, nikacheka. Jamani, nilicheka. Tangu mume wangu afe sikuwahi kucheka, na siku hiyo nilicheka mpaka nikashika mbavu, peke yangu, juu ya godoro.

Wifi yangu akatokea mlangoni mwa chumba changu.

"Weye unacheka," akasema. Hakuuliza, alisema tu. "Ndugu yangu yuko udongoni, weye uko hapa unacheka."

Asubuhi yake akaamka na ndoto. Alisema amemwona marehemu amesimama kwenye mchanga, ameegemeza bega kwenye ile meli, anaizuia isitoke. Na akamwambia: dada, hapiti mtu hapa mpaka mke wangu aseme ukweli wake.

Hapo nikajua nimekwisha. Maana huo "ukweli" niliujua ni upi, tulikuwa tumeuzunguka tangu mazishi. Siku mume wangu alipoanguka bafuni nilikuwa kazini. Ghalani kwetu huingii na simu, inabaki kwenye kabati la chuma na ufunguo unao mfukoni. Wifi alinipigia na kunipigia. Nilipoitoa simu wakati wa mapumziko, nikakimbilia hospitali Liverpool, nikakuta wameshamfunika. Wifi yangu hakukubali hata siku moja habari ya kabati. Kwake yeye, mwanamke asiyepokea simu yuko na mwanamume.

Akina mama wa kanisa wakaanza kuja. Walifunga kula, wakaomba. Waliiombea meli, wakalitaja jina lake na kulitamka vibaya, wakaamuru mchanga uachie kwa jina la Yesu, wakakemea upepo ulioisukuma. Na kila walipomaliza kuomba na kutazama televisheni na kuiona meli iko pale pale, waligeuza macho, taratibu, kuniangalia mimi. Mama mmoja mnene, ambaye mume wangu alimsaidia kupata nyumba, alinisogezea glasi ya maji kwa kidole, ili mkono wangu usimguse.

"Mama, sema tu," akaniambia. "Watu wanateseka. Nimesikia kuna meli zimebeba kondoo wazima."

Hata kondoo nikabebeshwa. Ukitaka kujua ukatili wa watu wema, kaa chini na wao wakae kwenye viti. Nilimuuliza wifi yangu kama marehemu, ambaye alikuwa hawezi kusukuma gari letu likizima, leo amepata wapi nguvu za kushika meli. Akanijibu kwamba wafu hawachoki.

Jumapili ya Matawi walitoka kanisani Auburn wakaja moja kwa moja kwangu, na matawi yao mikononi. Wakajaza sebule. Binti yangu akaambiwa aende jikoni kupanga vikombe. Wifi yangu akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia uso wangu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaniita mdogo wangu.

"Mdogo wangu, tumechoka sote. Bon, basi. Sema mbele ya hawa wamama, kisha kesho nitakuogesha mimi mwenyewe. Hatungoji vitenge tena. Nitakuvika changu. Pasaka utampokea mtoto wako."

"Unaahidi?"

"Naahidi mbele za Mungu."

Nikafikiri. Nilifikiri kidogo mno, lakini nilifikiri. Nikasema moyoni, hawa wanataka mwanamume, basi niwape mwanamume. Hayupo, hatapatikana, hatamdhuru mtu. Nikitoka kwenye godoro hili nitawaambia siku moja kwamba nilisema kwa kuchoka, na wenye akili wataelewa. Asiye na wake ana Mungu, na mimi Mungu wangu anajua kabati lile la chuma.

"Ndiyo," nikasema. "Kulikuwa na mtu."

Niliona raha kwenye nyuso zao. Sitaisahau ile raha. Kisha wakataka zaidi. Wa wapi? Nikasema Mzungu, nikijua hawana wa kumuuliza. Kazi yake? Anaendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Alikuwa na wewe siku ile? Alikuwa. Wapi? Nyuma ya ghala, kwenye gari lake. Gari la namna gani? Nikasema jeupe. Yule mama mnene akauliza kama alikuwa ananinunulia vitu, nikasema manukato, na hapo wote wakaguna kwa pamoja, maana manukato waliyaona kuwa makubwa kuliko gari. Wifi yangu alikuwa analia, machozi ya kweli, na amenishika mkono. Aliushika mkono wangu! Nikadhani tumemaliza.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, televisheni ikaonyesha tako la meli limeachana na ukingo. Tagi zinapiga honi. Meli imeanza kunyooka.

Wifi yangu alianguka magoti pale pale, sahani ingali mkononi. Kisha akampigia kaka yake Brussels, huko kulikuwa bado hakujapambazuka, akamwamsha. Akaweka simu kwa sauti kubwa nami nisikie. Akamweleza yote, Mzungu, foklifti, gari jeupe, manukato, na mwisho akasema: jana amesema, leo imetoka. Yule bwana akasema, "Kumbe ni kweli."

"Si kweli!" nikasema. "Shemeji, nilidanganya. Ni mwezi. Wamesema hapa kwenye taarifa, mwezi ni mpevu, maji yamejaa, ndiyo yameinua meli. Hata jana usiku ulikuwa juu ya paa la jirani, utazameni."

"Na mwezi ameuumba nani?" wifi akauliza.

Nikamkumbusha ahadi yake, nikamwambia maji yako wapi, kitenge kiko wapi. Akafuta wali uliomwagika kwenye zulia kwanza, akaukusanya vizuri kwenye sahani, ndipo akanijibu.

"Anayeogeshwa ni mjane. Weye si mjane. Weye ni malaya aliyefiwa."

Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi, nasema wazi. Na jinsi nilivyokana ndivyo nilivyojikaanga. Kila mama niliyempigia simu alinisikiliza kwa upole, kisha akaniambia shetani akishatolewa husema hakuwamo. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na walisema bila hata kunijua. Baadaye, wakati wa baridi, sanduku lilifika. Walivigawana vitenge sebuleni kwangu, bluu yenye maua ya njano, vizuri sana, na wakatoa kilio chao wenyewe kwa wenyewe kwa wali na mbuzi. Aliyepika ni mimi. Lakini hilo halikuniumiza kama Pasaka.

Pasaka nilikwenda. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, na nyeusi yangu, na viti vya kulia na kushoto vikabaki vitupu ingawa watu wengine walisimama. Binti yangu alishuka kwenye birika na gauni jeupe. Mchungaji akamzamisha, akamwinua, kwaya ikaanza. Ukingoni alisimama wifi yangu na kitenge cheupe mikononi. Mtoto akapanda ngazi, maji yanamchuruzika, na nilimwona ameinua macho anatafuta. Nikasimama. Macho yake yakanifikia, yakakaa kwangu kidogo, kisha akajiingiza mwenyewe kwenye mikono ya shangazi yake na kufunikwa.

Baada ya ibada magari yote yalikuwa yamejaa, hata yale niliyoyaona yanaondoka na viti vitupu. Binti yangu alipanda treni nami kwa sababu mkoba wenye nguo zake kavu nilikuwa nao mimi. Tuliketi tunatazamana. Nywele zake zilikuwa bado zinatona kwenye kola. Hakuwa ameongea nami vizuri wiki nzima, na nilijua kwa nini, ule mlango wa jikoni haujawahi kufunga sawasawa.

Tulipobadilisha treni Granville nikamkalisha kwenye benchi.

"Mwanangu," nikamwambia, "hakuna mwanamume. Hakuwahi kuwapo. Niliwaambia vile ili leo nije nikupokee mimi. Kwa ajili yako tu."

Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, huyo mtu anaitwa nani.

"Hana jina. Nimekwambia hayupo."

"Na gari jeupe?"

"Halipo. Yote nilitunga. Nitazame. Mimi nimewahi kukudanganya?"

Alinitazama. Hakuwa na hasira, ningefurahi angekuwa na hasira. Alinionea huruma, kama unavyomwonea huruma mtu mzima anayesisitiza jambo ambalo kila mtu anajua si hivyo. Akafuta maji shingoni kwa mkono wa sweta, akausogeza mkoba wake karibu naye.

"Lakini meli ilitoka, mama," akasema.