Buti la Ngozi Nililompa Elisante

Mwanangu, siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Tulikuwa tumeshuka Mlima Meru, wageni wanatuaga sisi wagumu tuliowabebea mizigo, na mmoja wao akaacha buti zake za ngozi, zile zisizopitisha maji. Desturi yetu ni kupiga kura, na kura ikaniangukia mimi. Nilipozijaribu zikagoma kuingia. Ningeziuza palepale, yangekwisha. Lakini wenzangu walishanisifia bahati yangu, na mimi kichwa kikavimba.

Nyumbani Nkoaranga nikampa mdogo wangu Elisante. Alikuwa anapanda mlima kubeba mizigo kwa mara ya kwanza wiki ile, tena masika, na hana kitu ila raba. Mguu wake uliingia kwa kusukuma.

"Kaka, vidole vimejikunja," akaniambia.

"Ngozi hutanuka. Wewe vaa tu," nikamjibu, najifanya mjuzi.

Kisha, Mungu anisamehe, nikang'oa soli za ndani kwa mkono wangu mwenyewe ili apate nafasi. Nikajiona fundi kweli.

Kupanda hakukuwa na neno. Kushuka ndiko kulikommaliza. Mguu unasukumwa mbele, kucha zinagonga ngozi ngumu, na chini hakuna kitu laini cha kupokea uzito. Maji ya mvua hayakuingia, sawa, lakini jasho nalo halikutoka, likabaki kulowesha malengelenge yaliyokwishapasuka. Kiongozi wa safari alimuuliza kama anaumia. Akasema yuko sawa, maana aliogopa kuachwa safari ijayo, na hakutaka kuniaibisha mimi. Akarudi nyumbani akakaa na vidonda siku sita bila kumwambia mtu. Tulipomfikisha hospitali mguu mmoja ulikuwa mweusi hadi kwenye kifundo. Wakaukata chini ya goti.

Hajawahi kunilaumu, mwanangu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Mpaka leo, msimu wa kahawa, sisi tunateremka shambani, yeye anabaki nyumbani akichambua tulizochuma. Vile vijia vyetu vya mteremko vimemshinda.

Sasa nisikilize, maana nawe unakwenda kupanda mlima. Buti nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kutembea, na uvae soksi ileile ya mlimani. Kabla ya kufunga kamba sukuma mguu mpaka mbele. Kidole cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Toa soli ya ndani uikanyage sakafuni. Vidole vikizidi soli, mrudishie mwenyewe buti lake, hata kama umepewa bure. Buti likipwaya kidogo, soli nene italisaidia. Likibana hakuna soli wala dua. Na ukiumia, sema hapohapo. Mtu akikwambia ngozi itatanuka, hata akiwa mimi, mkatalie.

Mungu akupandishe na akushushe salama, ufike kwa mama yako kwa miguu yako miwili.