Salamu ya Mwalimu Hirano

Nakumbuka siku moja, mwanangu, baba aliingia ukumbini tulikojifunzia mchezo, futi yake ya kupimia nguo bado iko shingoni, akanikuta nimeinama mbele ya Mjapani. Baba alikuwa fundi wa kanzu hapa Malindi, mtu mpole kabisa, lakini siku hiyo hakuningoja hata nivae viatu. Alinishika mkono tukaenda.

Mjapani mwenyewe, Mwalimu Hirano, alikuja kutufundisha judo, mieleka ya kwao inayoanza kwa kumwinamia mwalimu. Magodoro ya mchezo hatukuwa nayo, basi tulijaza magunia usumba wa nazi, tukatandika mikeka juu. Mwanzo alitufundisha kuanguka tu, majirani wakatucheka: kwani kuanguka nako kwataka mwalimu? Lakini mimi nilikuwa msichana mwoga, wa kujificha nyuma ya mlango akija mgeni, na kila nilipoanguka nikainuka mzima, woga ulinipungua. Niliupenda mchezo ule kuliko chakula.

Tulipofika nyumbani baba aliniambia, "Kuinama vile ni rukuu, na rukuu ni ya Mwenyezi Mungu. Huko hurudi tena."

Kesho yake nikamkimbilia Mwalimu, machozi yananitoka, nikamwambia nitakuwa nakuja kwa siri baba akiwa dukani. Nilidhani atafurahi. Alikunja uso.

"Mimi sifundishi mtoto anayemdanganya baba yake," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika. "Nipeleke kwake."

Nilimchukia siku hiyo, sikufichi. Nilijua baba atamfukuza, na judo yangu itaishia hapo.

Alikuja alasiri, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaketi mkekani. Nami nikaingia kumwamkia baba kama kawaida yetu: "Shikamoo, baba," nikambusu mkono. Mwalimu alituangalia sana.

"Mzee, kwa nini anabusu mkono wako?"

"Ni adabu, bwana. Hatuabudiani hapa."

"Na mimi nilipofunzwa kuinama, nilifunzwa adabu hiyo hiyo. Katika mchezo huu, anayemdharau mwenzake ndiye atakayemvunja mkono. Naomba basi, watoto waniamkie kwa desturi yenu. Kuinama tuache."

Baba alizungusha futi vidoleni kwa muda. "Na mwalimu aliyekufunza huko kwenu, hatakasirika?"

"Atakasirika. Nitamweleza."

Hapo baba alicheka, akaagiza kahawa. "Basi ukiamkiwa usikae kimya kama gogo. Itikia marahaba." Kisha akanigeukia mimi. "Na yale mavazi yenu ya mchezo, nani aliyeyashona? Mishono gani ile! Niletee niyarekebishe."

Tangu hapo tulipoingia ukumbini tuliweka mkono kifuani, tukasema, "Shikamoo, Mwalimu," naye akaitikia marahaba kwa sauti ya kutikisa bati. Alipomaliza muda wake akarudi kwao. Mimi sasa nawafundisha wasichana wa mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi, na salamu yetu ni ile ile.

Mwaka jana alirudi kututembelea, mzee wa mkongojo, akifuatana na msichana wa Kijapani, mwanafunzi wake. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Msichana yule alisimama mlangoni, akavua viatu, akaweka mkono kifuani, akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu."

Nililia mbele ya wanafunzi wangu wote, wala sikuona haya. Nikamuuliza mzee, "Kumbe umewafunza na huko?"

"Zamani. Kila anayeingia ukumbini kwangu," akasema. "Mwalimu wangu alikasirika. Nikamweleza."

Mwanangu, elimu ya mgeni ichukue kwa mikono miwili, lakini usiifuate kwa njia ya kuwadanganya watu wako. Likikukwaza jambo, liseme mbele ya mwenyewe, umpe nafasi akujibu. Mimi nilitaka kujificha; lau Mwalimu angekubali, salamu ya baba yangu isingefika mbali vile. Uliza kabla hujakasirika, na ukiulizwa, jibu kwa upole kama walivyojibizana wazee wale wawili.

Mungu akujaalie walimu wenye subira na wazazi wenye masikio. Na kila utakapoanguka, akuinue ukiwa mzima. Amin.